Risasi Nne Zilizobaki

Stamili wa Makote alijulikana kwa mambo mawili: kwa makopa yake ya muhogo, meupe kuliko ya mtu yeyote, na kwa kumuua mumewe bila kumgusa. La kwanza watu walimwambia usoni. La pili waliliimba.

Mumewe, Awadhi, alikuwa mwindaji. Miaka ishirini na mitatu iliyopita aliteremka bondeni, upande wa Ruvuma, yeye na mwenzake mmoja, akarudishwa juu kwenye machela ya miti, tumbo limepasuliwa na nyati. Mwenzake, Fortunatus wa Chiwata, alisema hakuona kitu. Alikuwa nyuma sana, ndani ya matete, akasikia mlio, na alipofika alikuta yamekwisha.

Basi kwa kuwa aliyekuwepo hakuona, watu wakatafuta sababu kwa asiyekuwepo. Hawakuuliza nyati alikuwaje, wala bunduki ilikuwaje. Waliuliza mke alikuwaje. Kwao mwindaji akiwa porini, nyumba yake nayo iko porini. Mke hachani nywele, hapaki mafuta, hatoi moto wala chumvi nje ya nyumba, na zaidi ya yote halali na mwanamume mwingine. Mwindaji akirudi mzima, mke ameshika mwiko. Akirudi maiti, mke amevunja. Njia ya tatu haipo.

Mtu mmoja akasema alimwona mwanamume akitoka kwa Stamili alfajiri. Ni mwanamume gani, hakumtaja, na mpaka leo hajatajwa. Lakini ilitosha. Stamili alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyemletea bakuli la uji. Mwaka uliofuata, mabinti walipotolewa unyagoni, wimbo ulikuwa umeshatungwa:

"Mlango ulifunguka huku, macho yakafumba kule."

Jina lake halikutajwa. Halikuhitaji kutajwa. Kila binti wa Makote alifundishwa uaminifu kwa wimbo huo, na kila binti alipopita mbele ya nyumba ya Stamili alijua mlango wenyewe ni upi.

Bintiye wa kwanza, Furaha, alipofika umri wa kuchezwa unyago, Stamili alikatazwa kukaa naye. Alisimama nyuma ya uzio wa makuti akamsikiliza mtoto wake akijifunza kumwimba mama yake. Alijiambia hilo limepita. Lakini mwaka huu zamu ilikuwa ya Zuhra, binti wa Furaha, shule zikifungwa mwezi wa sita, na Furaha akataka bibi ndiye amshike mwali. Kungwi Oliva, mkuu wa unyago wa pale kijijini, alikataa bila hata kuweka chini ungo wake.

"Mwenye nyumba iliyovunjika hamshiki mwali mkono. Utampaka nini mtoto wa watu, Mama Furaha? Balaa?"

"Ni mjukuu wangu."

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole."

Stamili alirudi nyumbani akamenya muhogo mpaka akajikata kidole. Kilichomuuma zaidi hakikuwa maneno ya Oliva. Zamani angemrudishia maneno hayo, tena na nyongeza. Kilichomuuma ni kwamba yeye mwenyewe, moyoni, hakuwa na uhakika kama Oliva amekosea.

Mwanamume hakulala naye. Hilo alikuwa tayari kulifia. Lakini asubuhi ya siku ile, Awadhi akiwa bondeni, jirani alikuja mbio, mtoto ana degedege, jiko limezimika, anaomba moto akanze maji. Stamili akampa kijinga kimoja cha moto. Kimoja tu, akakitoa mlangoni kwa mkono wake. Mtoto akapona. Jirani yule alihamia Masasi, akafia huko, na siri akaenda nayo. Jioni ya siku iliyofuata machela ikafika.

Na Awadhi alikuwa akija. Hakuja usiku kama wanavyokuja wafu wa watu wengine. Alikuja saa tisa alasiri, jua likiwa kali, kuku wakiwa kivulini. Stamili angekuwa anamenya muhogo, na ghafla angesikia harufu ya baruti, kisha kitu kizito kikiegemezwa ukutani nyuma yake. Halafu kimya cha mtu anayengoja kupewa kitu. Hakuwahi kugeuka. Aliogopa kumwuliza anataka nini, kwa sababu alidhani anajua.

Wiki hiyo hiyo aliyokataliwa na Oliva, mwanawe Mujibu alikuja na habari. Mujibu alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki. Sasa ni mtu mzima mwenye pikipiki na mke, na mwaka huu alikuwa ameomba leseni ya kuwinda.

"Mama, Mzee Fortunatus ameniita Chiwata. Macho yamemwisha. Ana bunduki mbili, polisi wamemruhusu aniachie moja, ya pili inarudi kituoni. Anataka niende nichague."

"Bunduki gani hizo?"

"Moja ni ya risasi moja. Nyingine inameza tano."

"Baba yako alikufa na ipi mkononi?"

Mujibu aliangalia viatu vyake. "Ya moja, aliyoazimwa na mzee. Ndiyo ninayoitaka."

"Kesho tunakwenda wote."

"Mama! Bunduki ya mawindo haitaki mwanamke. Mzee atasema umeiharibu."

"Mimi wameshasema nimeharibu mume," Stamili akasema. "Kwenye chuma nitaharibu nini?"

Waliteremka kwa pikipiki asubuhi, baridi ya Newala ikiwauma masikio mpaka barabara ilipoanza kushuka na joto la chini likawapokea. Stamili alishika koti la mwanawe, akayafumba macho kwenye kona. Hakuwa ameonana na Fortunatus tangu siku ya mazishi.

Walimkuta amekaa uani, kwenye kiti cha kamba, mboni zimefunikwa na utando mweupe. Mkewe, Emilia, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni, alikuwa mkekani anamenya mbaazi.

"Shikamoo, shemeji," Stamili akasema.

"Marahaba." Mzee aligeuza shingo. "Sauti hiyo ni ya nani?"

"Mama Furaha. Wa Awadhi."

"Ahaa. Karibu. Karibu sana. Karibu." Alisema karibu mara tatu.

"Njoo huku kwenye mbaazi, mwenzangu," Emilia akamwokoa. "Waache wanaume na vyuma vyao. Kwangu mgeni hakai mikono mitupu, hata awe askofu."

Stamili akakaa naye mkekani, hatua chache nyuma ya wanaume. Mujibu akaleta bunduki mbili kutoka ndani, akazilaza juu ya gunia. Mzee alizipapasa, na mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka kwenye kikombe cha chai, ikatulia.

"Hii ndefu ndiyo ya risasi moja. Unaivunja hapa katikati, unatia risasi, unafunga, unapiga. Ukitaka ya pili unaanza upya. Haina cha kuharibika. Na mtutu wake ni mrefu. Huko bondeni miti hakuna, mnyama anakuona kabla hujamwona, lazima upige kwa mbali. Hatua mia tatu, hii haikosei."

"Na hii?"

"Hii ina tumbo. Unavuta chuma hiki nyuma, unasukuma mbele, risasi nyingine imeshapanda. Vumbi likiingia inagoma. Na tena, mwenye risasi tano ni kama tajiri: hafikirii. Anamwona mnyama mbali kule, anabahatisha, si anazo nyingine? Ya moja inamfunza mtu. Ya tano inamsamehe."

"Basi nachukua ya moja. Ndiyo aliyoishika baba."

"Usichague kwa msiba, kijana. Msiba haulengi shabaha." Mzee akatoa mfukoni maganda mawili ya risasi, matupu. "Tia hili. Nyati yuko kwenye mkorosho ule wa mwisho, umempiga hakuanguka, sasa anakuja. Toa ganda, tia jingine, funga. Mimi nitahesabu."

Mujibu akapiga goti.

"Moja. Mbili. Tatu." Mzee alihesabu polepole, akigonga goti lake kwa kidole. "Nne. Tano. Sita. Umeshakufa."

Emilia akacheka. "Maskini! Mkewe nimchukue mimi nimtafutie mwingine?"

"Tena," mzee akasema.

Safari hii Mujibu alilikwangua ganda kwa ukucha, likaruka, akatia jingine, akafunga kwenye tano.

"Afadhali. Vidole vyako vyepesi kuliko vya baba yako. Yeye kwenye nne ganda lilikuwa bado limekwama nusu, hata—"

Hakumaliza. Mbaazi ziliacha kudondoka kwenye bakuli.

"Shemeji," Stamili akasema kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu anayeuliza njia. "Ulihesabu ukiwa wapi?"

Mzee akageuza uso upande wa mkorosho.

"Msibani ulisema ulikuwa ndani ya matete. Ukasema hukuona kitu. Nne ulizihesabu ukiwa wapi?"

"Mama Furaha..."

"Hatua ngapi?"

"Ishirini," mzee akasema. "Ishirini na tano labda."

"Na mkononi ulikuwa na nini?"

Mkono wa mzee ulitembea juu ya gunia mpaka ukaifikia bunduki ya pili, ile yenye tumbo. "Hii."

"Ina ngapi?"

"Nilikuwa nimepiga moja. Zilibaki nne."

Emilia akafanya ishara ya msalaba. Mujibu alikuwa bado amepiga goti, ganda tupu mkononi.

Kisha mzee akasema yote, macho yake meupe yakitazama mahali ambapo hakuna mtu. Yeye ndiye aliyepiga kwanza. Nyati walikuwa mbali mno, Awadhi akamwambia ngoja tusogee, naye hakungoja, kwa sababu alikuwa nazo tano. Akampiga mmoja tumboni. Awadhi akamgombeza, akasema mnyama mwenye jeraha haachwi, atamuua mchota maji wa watu. Wakamfuata. Nyati akatokea kwenye nyasi, karibu. Awadhi akasimama, akapiga, akampata begani, nyati hakuanguka. Akaivunja bunduki atie nyingine.

"Nami nilikuwa pembeni, hatua hizo ishirini. Sikuwa nimeshikwa, sikuwa nimefungwa. Bunduki ilikuwa tayari. Nilihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu. Mikono ilinisahau. Kwenye nne nikageuka, nikakimbia."

"Na msibani?"

"Wazee waliniuliza, nyumbani kwa mwenzako kulikuwa shwari? Nikasema sijui. Sikukusingizia, Mama Furaha. Mungu anajua. Mimi nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza tu," Stamili akarudia. "Kunyamaza kwako ndiko kulikonioa baada ya Awadhi. Nimelala nako miaka ishirini na mitatu, nimezeeka nako. Hakuna mwanamume mwingine aliyenitaka, kwa sababu nilikuwa nimeshaolewa nako."

Mujibu alisimama. Ngumi zilikuwa zimekunjwa. "Mzee, mimi nilikuwa nakuita baba."

"Kaa chini," mama yake akamwambia. "Hujaja kupigana na kipofu."

Aliyepandwa na hasira kweli alikuwa Emilia. Alimwaga mbaazi zote mkekani, bakuli likabaki tupu magotini, akamgeukia mumewe.

"Baba Nikolao! Mimi huko ngomani nilikuwa nasifiwa! Mke wa Fortunatus anajua kushika mwiko, mumewe harudi na mkwaruzo! Mabinti wanaletwa kwangu niwafunde! Kumbe nilikuwa nasifiwa kwa ajili ya miguu yako!"

Mzee alijikunyata kama aliyepigwa kibao. Stamili, ambaye hakuwa na nia ya kucheka siku hiyo, alijikuta mdomo unamcheza.

"Shemeji, nijibu jambo moja," akasema. "Awadhi angekuwa na hii ya tano, angepona?"

"Angepona. Alikuwa hatetemeki yule."

"Mujibu, chukua ya tano."

"Mama, siwezi hata kuigusa. Ndiyo iliyonyamaza."

"Bunduki hainyamazi, mwanangu, mtu ndiye anayenyamaza. Lenga kama mwenye moja, lakini nne za ziada ziwe mkononi mwako mwenyewe. Za mwenzako usizihesabu." Akamgeukia mzee. "Na wewe Jumamosi utakuja Makote. Uani kwa Oliva, mbele ya makungwi. Utasema ulivyosema hapa."

"Mbele ya wanawake? Mama Furaha, niite kwa mwenyekiti, niite kwa shehe, hata kwa padri—"

"Shehe hakuniimba. Padri hakuniimba."

"Atakuja," Emilia akasema. "Asipokuja nitakuja mimi, na mimi nitaongeza."

Stamili alirudi Makote akidhani kwamba mzigo umeshuka. Siku ya pili yake akaanika makopa, akakaa kumenya mengine. Saa tisa, harufu ya baruti ikaja. Kitu kizito kikaegemezwa ukutani.

"Nimejua," akamwambia bila kugeuka. "Si mimi. Nimejua sasa. Nenda kapumzike."

Hakuondoka. Alisimama pale pale, akingoja, na kwa mara ya kwanza Stamili aligundua kwamba hata akisafishwa na wazee wote wa Newala na Masasi, kuna neno moja ambalo hakuna mwingine wa kulisema isipokuwa yeye.

Jumamosi Fortunatus alifika, Emilia akimshika mkono kana kwamba anampeleka mshitakiwa. Uani kwa Oliva walikuwepo makungwi watano, mama za mabinti, na Zuhra mwenyewe amefunikwa kanga, ni vidole vya miguu tu vilivyoonekana. Mzee alisimama akasema. Hakupunguza. Alipofika mahali pa kuhesabu, Emilia akamgusa kwa kiwiko, akaendelea.

Alipomaliza, Oliva alijifunga kanga yake upya. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke aliyefundisha jambo moja maisha yake yote.

"Tumesikia," akasema. "Lakini mzee, mikono ya mwindaji hailegei bure. Dawa ya mawindo ikiharibiwa nyumbani, hata mwenzake porini analegea. Nani aliilegeza mikono yako?" Kisha akamgeukia Stamili. "Tukuulize mbele ya watu, Mama Furaha. Siku ile ulishika miko yote? Sema ndiyo, tufunge maneno haya."

Ilikuwa rahisi. Aliyejua amezikwa Masasi. Furaha alimtazama mama yake, akamsihi kwa macho. Ndiyo moja tu, na mkono wa Zuhra ni wake.

"Mwanamume hakuingia kwangu," Stamili akasema. "Lakini nilitoa moto."

Minong'ono ikaenea uani.

"Mtoto wa jirani alikuwa na degedege, jiko lao limezimika. Nilitoa kijinga kimoja, kwa mkono huu. Nimekaa nacho miaka yote hii nikidhani kimemuua mume wangu. Nyinyi mlinisingizia kitanda, nami nilijisingizia moto. Mtoto yule alipona. Leo akiletwa mwingine hapa anatetemeka, na Mujibu yuko bondeni na nyati, nitatoa moto tena. Kama huko ni kuvunja, nimevunja. Mwali mpeni mwingine."

Kisha mzee Fortunatus, ambaye hakuna aliyemuuliza, akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Mama Kungwi, niliondoka nyumbani nikiwa mwoga. Nilizaliwa hivyo. Kijinga cha mtu hakikuniongezea."

Mwanamke mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akafuata, akajiziba mdomo na kanga. Emilia alicheka mpaka machozi, au pengine yalikuwa machozi tangu mwanzo. Oliva alingoja waishe. Aliwatazama makungwi wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyeinua uso.

"Kaa pale," hatimaye akamwambia Stamili, akionyesha mkeka nyuma ya Zuhra. Hakusema samahani. Wala hakuna mwingine aliyesema, si siku ile wala baadaye.

Stamili akakaa. Zuhra akarudi nyuma kidogo chini ya kanga yake mpaka mgongo wake ukagusa magoti ya bibi. Ngoma zikaanza. Waliimba wimbo wa mvua, wakaimba wa kisima, wakaimba wa mkwe mlafi, na walipofika mahali ambapo wimbo ule mwingine hufuata, makungwi wakakohoa, wakauruka, wakaingia kwenye wa baada yake. Wote isipokuwa bibi mmoja mzee, mgumu wa masikio, aliyekuwa ameinamia ngoma yake na hakujua kwamba mambo yamebadilika.

"Mlango ulifunguka huku," akaimba peke yake, kwa furaha, sauti nyembamba ikipanda juu ya uzio, "macho yaka—"

Mtu akamgusa bega. Akanyamaza, akaangalia huku na huku asielewe.

Stamili aliendelea kupiga makofi.